Baiskeli ya Kulalia ya Alfayo Nyasani

Alfayo Nyasani alivunjika nyonga saa nne za asubuhi, siku ya Jumatano, akichomelea paa la kanisa jipya la Waadventista nje kidogo ya Kebirigo. Chuma alichokuwa amekikalia hakikuwa kimeshikana vizuri, na fundi aliyekichomelea jana yake alikuwa yeye mwenyewe. Jambo hilo hajawahi kulificha. Mpaka leo ukimwuliza atakuambia kwamba aliangushwa na mkono wake, kisha atakupeleka hadi chini ya paa lile na kusimama nawe hapo mpaka uinue macho na kukubali kwamba ni juu kweli.

Hospitalini alikaa majuma kumi na moja. Alitoka na vyuma ndani ya nyonga, mkongojo mmoja, na maneno ya daktari: atembee polepole, kazi ya karakana aifanye akiwa ameketi, lakini habari ya baiskeli aisahau. Kurusha mguu juu ya tandiko na kuubwaga uzito wote wa mwili pale chini, nyonga ile haitaweza tena.

Mtu mwingine angesema ahsante Mungu, roho ipo. Alfayo naye alisema, maana ni mzee wa kanisa, lakini maneno yalitoka mdomoni tu, moyo haukuyafuata. Sharti umjue kidogo ndipo uelewe. Pale Kebirigo wako wanaojulikana kwa mashamba yao ya majani chai, wako wanaojulikana kwa watoto wao waliosoma, na wako wanaojulikana kwa midomo yao. Alfayo alijulikana kwa baiskeli. Tangu ujana, juu ya ile baiskeli nzito nyeusi ambayo Kenya nzima huiita Black Mamba, alibeba mikungu ya ndizi mpaka soko la Kisii, na vilima vya Nyamira na Kisii si vilima vya mchezo. Ukimaliza kimoja, kingine kimekwisha kukaa kinakungoja.

Alipomchumbia Joyline, binti wa Nyacheki, upande wa pili kabisa wa nchi ya Abagusii, hakupanda gari hata mara moja. Kilomita sabini na kitu alizikata kwa miguu yake juu ya pedali. Baba mkwe, ambaye sasa ni marehemu, alimtazama siku ile ya kwanza jasho likimchuruzika mpaka kwenye viatu, akawageukia ndugu zake akasema, "Huyu, binti yetu hatalala njaa."

Tangu siku hiyo, kila mwaka ifikapo Desemba, Alfayo alikwenda kuwasalimu wakwe kwa baiskeli. Miaka ishirini na minne. Na alikuwa amejiwekea nadhiri: hashuki. Kilima kiwe kilima, mvua iwe mvua, haisukumi baiskeli kwa mkono hata hatua moja mpaka aone lango la mkwe. Nadhiri hiyo hakuna aliyemwomba aiweke, na pengine ndiyo maana aliipenda mno.

Kwa hiyo Desemba mbili zilizofuata ile ajali, alipopelekwa Nyacheki katika kiti cha mbele cha gari la kukodi, amepakatishwa kreti ya soda, alijiona mzigo miongoni mwa mizigo. Mama mkwe wake wakati huo alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akiwatambua watu kwa sauti. Aliuliza kwa upole, "Alfayo, mbona umekuja na gari? Baiskeli iko wapi?" Alfayo akamjibu kwamba baiskeli inapumzika kidogo. Kisha alizunguka nyuma ya nyumba, mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja, akalia huku akijifanya anamtazama ng'ombe.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sisi wengine methali hiyo tunaitumia kufarijiana matangani. Alfayo, kwa kuwa ni mhunzi kweli, aliichukua kama ilivyo.

Siku moja ya soko alitokea Mzungu kutoka upande wa Kericho akiwa amelala chali juu ya baiskeli, miguu imetangulia mbele, amestarehe kama mtu aliyeko kibarazani kwake. Alisimama kununua ndizi mbivu. Soko zima lilimzunguka, watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Alfayo hakucheka. Alipenya na mkongojo wake mpaka mbele, akatazama. Alitazama mgongo ulipoegemea. Aliitazama ile nyonga: haikubebeshwa kitu. Uzito ulikuwa mgongoni na kitini, na miguu ilikuwa na kazi moja tu, kusukuma mbele, kama unavyosukuma mlango ulioshikwa na mvua. Mzungu alimaliza ndizi zake kwa dakika kumi akaondoka. Dakika kumi zilimtosha Alfayo. Fundi mzuri huiba kwa macho, na polisi wa kumkamata hajazaliwa.

Vipimo vya kwanza alivichukua shambani. Aliangusha migomba miwili iliyokwisha kuzaa, akaikata vigogo, akaipanga nyuma ya nyumba mmoja huku, mwingine kule, akajilaza juu yake na kuinua miguu hewani akizungusha pedali zisizokuwapo. Hivyo ndivyo Joyline alivyomkuta alipotoka kuchuma chai, kikapu bado kiko mgongoni.

"Baba Linda! Ni nini? Umeanguka tena?"

"Sijaanguka. Natafuta kichwa kikae wapi."

"Kichwa kimekwenda," Joyline alisema akishusha kikapu. "Mimi hata nakiona kikienda."

Lakini ni Joyline huyo huyo aliyekwenda kuleta kamba ya kufungia ng'ombe, akampima mumewe kuanzia kisigino hadi bega, akatia mafundo mahali pa kuwekea alama. Hakuuliza safari ni ya wapi. Alikuwa ameishi na mtu huyo miaka mingi mno kuuliza.

Uti wa mgongo wa baiskeli ulikuwa bomba la maji la inchi mbili. Gurudumu la nyuma lilitoka kwa Black Mamba yake mwenyewe. Gurudumu la mbele lilikuwa dogo, la baiskeli ya mtoto. Kiti alikikunja kwa nondo nyembamba, kisha akakisuka kwa mikanda ya tyubu kuukuu, inayonesa na kuushika mgongo bila kuuumiza. Pedali zilikaa juu ya mlingoti mbele kabisa, kutangulia hata hilo gurudumu la mbele. Ndipo alipogundua kwamba mnyororo wa baiskeli mmoja hautoshi kutoka kule mbele mpaka nyuma, wala miwili haitoshi.

Akaenda Kisii kwa Yakub. Yakub anauza vipuri vya baiskeli na pikipiki, hatua chache kutoka msikitini, katika duka aliloachiwa na baba yake. Ni mtu wa ulimi mkali na mkono mwepesi wa kusaidia, na watu huuvumilia ulimi kwa ajili ya mkono.

"Minyororo mitatu?" Yakub alisema. "Kwani uko na baiskeli tatu?"

"Moja."

"Fundi, baiskeli moja, mnyororo moja. Hata huko kwenu Nyamira iko hivyo."

"Hii yangu ni ndefu. Pedali ziko mbele kabisa, gurudumu linalovutwa liko nyuma ya kichwa changu."

Yakub aliweka kalamu chini. "Na wewe uko wapi?"

"Katikati. Nimelala."

"Umelala."

"Ee, nimelala."

Yakub alimwita mkewe aliyekuwa akipanga mataili nyuma ya duka. "Batuli, njoo usikie huyu mzee. Wallahi, mtu anataka kuenda safari na amelala!"

Batuli alikuja, akasikiliza kwa makini, wala hakucheka. Aliuliza neno moja tu. "Na mvua ikinyesha, si itakuingia mdomoni?"

Hilo Alfayo hakuwa amelifikiria. Alirudi Kebirigo akiwa na minyororo mitatu, kofia yenye ukingo mpana, na beringi mbili pamoja na puli ndogo ambazo Yakub alizichokora chini ya kabati ili mnyororo upate pa kupitia chini ya kiti. "Hii kitu usiniambie inafanya nini," Yakub alimwambia. "Ukirudi ukiwa mzima ndiyo utaniambia."

Baiskeli ikasimama. Alfayo akaipaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye madirisha ya kanisa, akalaza mgongo wake juu yake, akaondoka. Alikwenda hatua ishirini, kisha ikamgeukia kushoto na kumtia katika majani chai ya jirani yake Gibson. Alitoka, akajipangusa, akaanza tena. Kushoto, kwenye chai. Mara ya tatu Gibson mwenyewe alikuwa amesimama pale anamngoja.

"Alfayo, kama unataka kuchuma, beba kikapu kama watu wengine," alisema.

Siku nne Alfayo alikaa akiitazama baiskeli ile kama mzazi anayemtazama mtoto mkaidi. Na hapa alikuwa amefanya kosa ambalo nadhani fundi wa nchi tambarare hawezi kulifanya. Kwetu hakuna mahali palipo sawa. Nyumba imekaa juu ya mteremko, zizi limekaa juu ya mteremko, uwanja wa mpira una goli la juu na goli la chini. Jicho la mtu aliyezaliwa hapo limezoea kupinda. Linauona mteremko na kusema, sawasawa. Alfayo akitengeneza mlango au dirisha huweka pimamaji, kwa sababu ni kazi ya watu. Baiskeli ilikuwa yake mwenyewe, kitu cha moyoni, akaipima kwa jicho juu ya ardhi ya karakana yake, na ardhi hiyo imeinama kushoto tangu Mungu aiumbe.

Siku ya tano aliweka pimamaji juu ya ekseli. Kiputo kikakimbia mpaka mwisho wa kioo kikagota pale. Alfayo alicheka peke yake hadi nyonga ikamuuma.

Alichukua msumeno wa chuma akakata kila alichokichomelea, kiungo kwa kiungo. Kisha, siku ambayo chai haichukuliwi, alikwenda kwenye banda la kununulia majani chai, ambalo lilikuwa na sakafu ya saruji pekee aliyoiamini iko sawa, kwa kuwa mizani hukaa hapo na wakulima wangepiga kelele siku ya kwanza kama ingeinama. Karani wa banda alimruhusu kwa sharti kwamba asiunguze sakafu. Alivuta waya wa umeme kutoka duka la jirani, akaanza upya, na safari hii pimamaji hakuliacha hata akiwa anakula. Jioni alipotoka na baiskeli yake barabarani, ilinyooka. Ilikwenda mbele tu, wala huku wala kule, mikono yake imetulia kwenye usukani, mawingu yanapita juu ya uso wake, na nyonga, ile nyonga iliyokatiwa tamaa, ilinyamaza kimya. Alfayo alipiga ukelele ambao mzee wa kanisa hapaswi kuupiga barabarani.

Vilima vilimfundisha adabu. Juu ya baiskeli ya kawaida kilima kikikaza unasimama juu ya pedali, unazikanyaga kwa uzito wako wote. Ukiwa umelala utasimamia wapi? Akafunga gia za baiskeli ya milimani, zile zenye gurudumu kubwa la meno nyuma, miguu ikazunguka kwa wepesi na baiskeli ikapanda kwa mwendo wa kinyonga. Ilikuwa aibu mwanzoni, kupitwa na mama aliyebeba kuni. Lakini alipanda, na alipofika juu akateremka upande wa pili, hata bodaboda zilimwona mgongo. Soko likaibatiza jina: Kitanda. Vijana wa bodaboda walimpigia honi.

"Buda, umelala ama umededi?"

"Nimelala," aliwajibu, "na bado nawaacha!"

Alianza kwenda Gesima na kurudi, mkongojo umefungwa ubavuni mwa kiti. Akaenda mara mbili kwa juma, kisha mara tatu. Alijivunia kitanda chake, na sioni kwa nini asijivunie. Alichukua mwili ulioambiwa basi, akaujengea kitu kinachouchukua ulivyo. Watu waliomcheka walianza kumletea wageni wao waje kuiona, na Gibson ndiye aliyekuwa akieleza, kwa sauti kubwa, jinsi puli ile inavyofanya kazi.

Kisha Geoffrey, kaka yake Joyline, akapiga simu kutoka Nyacheki. Mama amepasuliwa macho, yote mawili, na bandeji zimetolewa. Anaona. Amehesabu kuku wake mwenyewe uani na kukuta wawili hawapo. Jumapili ijayo watu watakusanyika nyumbani kwa shukrani.

"Nitakwenda na baiskeli," Alfayo alisema hata kabla simu haijawekwa. Uso wake wote uling'aa. Mama mkwe hakuwa amemwona vizuri kwa miaka sita, na sasa angemwona akiingia langoni pake juu ya magurudumu, kama zamani, bila kushuka.

Joyline alikuwa akimenya ndizi za kupika, akaendelea kumenya mpaka sufuria ikajaa.

"Baba Linda," alisema mwishowe, "utalala mbele ya mama yangu?"

Kwa Abagusii kuna mambo yanayoitwa *chinsoni*, yaani haya na heshima kati ya mtu na wale walio mahali pa wazazi wake. Mkwe na mama mkwe husalimiana, huulizana habari za mvua na watoto, lakini kuna mstari. Mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe. Havui shati mbele yake. Na kujinyoosha chali mbele ya macho yake, miguu imeelekezwa kwake, hilo halina hata jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifanya. Alfayo alikuwa amefikiria beringi, mteremko, gia na mvua ya mdomoni. Hilo halikumpitia kichwani hata siku moja.

"Mimi silali," alijaribu kujitetea. "Nimekaa. Nimeegemea tu."

"Haya, kaa nikuone."

Alfayo akatoka nje, akapanda. Joyline alisimama mbele ya baiskeli, mikono kiunoni.

"Nyayo zako ziko wapi?"

"Zimetangulia."

"Na Jumapili atakayeziona ni nani?"

Alfayo alikaa pale uani, nyayo zimemtazama mkewe, na alihisi uchungu ambao hakuuhisi hata siku ya kuanguka. Laiti ingekuwa nyonga tu. Nyonga angeijengea kitu kingine. Lakini hii ilikuwa heshima, nayo alilelewa ndani yake na akawalea watoto wake humo, na hakuwa tayari kuikanyaga ili apate sifa. Waliafikiana hivi: ataendesha mpaka kijito kilicho chini ya boma la wakwe, hapo atashuka, na kilima cha mwisho atakipanda kwa mkongojo huku Geoffrey akimsukumia baiskeli. Nadhiri ya miaka ishirini na minne ingeishia kwenye kijito. "Ni sawa," Alfayo alisema. Haikuwa sawa, na Joyline alijua. Ijumaa akatangulia Nyacheki kusaidia kupika, kabla Sabato haijaingia.

Jumapili alfajiri, baada ya sala, Alfayo alifunga mkongojo, chupa ya uji na pampu, akaondoka. Nyamira mjini alipita watu wakitoka kununua maziwa. Barabara ya kuelekea Kisii ilikuwa na ukungu, naye alilala chini yake akipumua kwa mpango, akiongea na kila kilima kwa jina. Vyote alikuwa amevifahamu tangu ujana wake, na siku hiyo aliviona kwa mara ya kwanza kutoka chini, kilele kikiwa katikati ya viatu vyake viwili.

Mjini Kisii, Yakub alikuwa amesimama nje ya duka lililofungwa, kanzu imepigwa pasi, Batuli pembeni yake na birika. Alfayo hakushuka. Aliteremsha miguu tu ikagusa lami, akapokea kikombe akiwa palepale kitini. Yakub aliizunguka baiskeli mara mbili, akainama, akaiona puli yake chini ya kiti ikiwa imekaa mahali pake, imepakwa grisi, mnyororo umepita juu yake barabara. Ulimi wote ule ukamwishia.

"Hii umefanya wewe," alisema. "Na mikono yako."

"Na puli yako."

"Wacha puli. Puli ninauza kila siku, na hakuna mtu amewahi kufanya hivi." Akamshika mkono akauminya sana. "Enda, fundi. Enda polepole."

Baada ya Kisii jua lilipanda pamoja naye. Mvua ikamkuta kwenye mteremko mmoja na kofia ikafanya kazi yake. Mnyororo uliruka mara moja, akaurudisha kwa kuinama pembeni bila kutoka kitini, mafuta yakamjaa mpaka kwenye viwiko. Mapaja yaliwaka moto. Alikula ndizi akiendesha. Kadiri alivyokaribia ndivyo alivyozidi kupungua mwendo, na si kwa uchovu. Kila kilima alichokimaliza kilimsogeza kwenye kile kijito, na kila alipokifikiria alihisi kama mtu aliyelima shamba zima akaambiwa avune mwingine.

Saa nane za mchana alikiona. Daraja la mbao, maji kidogo chini yake, na upande wa pili njia ya murram, ile changarawe nyekundu isiyo na lami, ikipanda moja kwa moja hadi kwenye miti ya boma la wakwe. Geoffrey alikuwa amekaa juu ya daraja, suti yake nzuri imeingia tope.

Alfayo akashika breki, akaanza kuufungua mkongojo.

"Shemeji, usishuke," Geoffrey alisema.

"Nilikubaliana na dada yako. Nashuka hapa."

"Dada amemwambia Mama kila kitu. Mama ndiye amenituma. Niko hapa tangu saa sita." Geoffrey alisimama, akajipangusa suruali. "Amesema hivi: kama baiskeli ni ya kusukumwa, irudi Kebirigo. Yeye anataka uipandishe ukiwa juu yake."

"Na *chinsoni*?"

"Nilimuuliza. Akaniambia hayo ni yake, atayapanga mwenyewe. Wewe kanyaga tu."

Alfayo akaufunga tena mkongojo, akaingiza gia ndogo kuliko zote, akaanza kupanda.

Kilima kile hakikuwa na urafiki. Murram ilikuwa imelainishwa na mvua, gurudumu la nyuma likateleza, likashika, likateleza. Baiskeli ya kulalia ikisimama kilimani haina msamaha, unaanguka ubavu, na Alfayo alijua ni ubavu upi. Geoffrey alipanda kando yake bila kuigusa, mikono imefungwa nyuma kwa nguvu asije akaisaidia kwa bahati mbaya. Juu, wanawake wa kanisa walikuwa wamejipanga kwenye ua wakiimba, na Joyline alikuwa miongoni mwao, amefunika mdomo kwa viganja. Hakuwa akiimba. Nusu ya kilima. Robo iliyobaki. Nyonga ikaanza kusema na Alfayo akaiambia ingoje.

Alipofika mahali njia inaponyooka, aliona lango kati ya viatu vyake. Mama mkwe alikuwa amesimama hatua chache ndani yake, gauni la kanisani, leso mpya kichwani. Watu wote walikuwa wamegeukia barabarani. Yeye peke yake alikuwa ameipa barabara mgongo, ameitazama nyumba yake, wima, na yale macho yake mapya aliyoyapata juzi tu ameyaelekeza ukutani.

Alfayo aliingia langoni, gurudumu la mbele kisha la nyuma, akasimama nyuma ya mgongo wake. Nyimbo zikakoma. Zilisikika pumzi za Alfayo tu.

"Ni wewe, Alfayo?" mama mkwe aliuliza bila kugeuka.

"Ni mimi, Mama."

"Umeshuka mahali?"

"Sijashuka, Mama. Tangu Kebirigo."

Mama mkwe aliinua mikono yote miwili akapiga vigelegele kuuelekea ukuta wa nyumba yake, virefu, mpaka sauti ikakatika, akavuta pumzi akapiga tena. Wanawake wote wakamwitikia, na Joyline hapo ndipo alipolia waziwazi bila kujificha kwa mtu.

"Sasa shuka," mama mkwe alisema. "Simama vizuri, uniambie ukiwa tayari. Nataka kukuona."

Alfayo alifungua mkongojo. Ilimchukua muda, kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Aliteremka, akanyoosha shati lililolowa, akavua kofia, akasimama kando ya baiskeli yake na kuweka mkono mmoja juu ya kiti alichokisuka.

"Niko tayari, Mama," alisema.

Mama mkwe akageuka.